Si kila sindano iliyoshindwa ni usugu

Asubuhi moja, katika nyumba ya mbao iliyo kando ya barabara itokayo Goma, mashariki mwa Kongo, kwenda Sake, mama mmoja anayetengeneza fromaji, yaani jibini, alinifunulia sufuria na kunionyesha maziwa yaliyomgomea. Alikuwa ameyapasha moto kidogo juu ya kuni kama afanyavyo kila siku, akatia dawa ya kugandisha, akafunika kwa kitambaa na kungoja. Kwa kawaida, baada ya muda huo, kisu hukata bonge moja linalong'aa na maji ya kijani-manjano huanza kujitenga pembeni. Siku ile kisu kilipita kama kinavyopita katika uji. "Maziwa inakatala," alisema, kwa Kiswahili chetu cha Goma ambacho hakihitaji maelezo zaidi. Juu ya ubao nyuma yake zilipangwa fromaji za wiki iliyotangulia, na mbili kati yake zilikuwa zimevimba kama maandazi. Alipoikata moja, ndani mlikuwa na vitundu vingi na harufu ya zizi. Kijana wa pikipiki aliyeleta bidoni, yaani dumu la maziwa, alikuwa amekwisha kugombezwa, kwa kuwa mama aliamini kwamba ameongeza maji njiani.

Kijana hakuwa ameongeza kitu. Tulipoifuatilia bidoni hadi ilikotoka, kwenye mlima upande wa Masisi, tulikuta zizi lenye ng'ombe tisa wanaokamuliwa. Wawili kati yao walikuwa na viwele vilivyovimba, tena walikuwa wamechomwa sindano siku tatu mfululizo, huku maziwa ya chuchu zao zilizoonekana nzima yakiendelea kumiminwa katika bidoni moja na ya wenzao.

Fromaji ilikuwa imetangaza mambo mawili kwa wakati mmoja. Kiwele kinapovimba, kazeini, ile protini inayoshikamana na kuwa bonge, hupungua na kukatwakatwa na vimeng'enya vinavyopenya kutoka kwenye damu. Maziwa pia hupoteza sehemu ya ukali wake wa asidi, na dawa ya kugandisha hufanya kazi kwa ulegevu. Hilo ni la ugonjwa. La dawa ni hili: penisilini kidogo tu iliyobaki ndani ya maziwa huwaua bakteria wa kuchachusha, ambao ni wepesi sana kufa, na kuwaacha bakteria wa kinyesi ambao penisilini ya kawaida haiwatishi. Hao hubaki peke yao mezani, wakala sukari ya maziwa na kutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo iliyozitoboa fromaji za wiki iliyotangulia.

Mwenye zizi, mzee mpole ambaye miaka hii ya vita imempunguzia kundi kuliko ugonjwa wowote, alinieleza shida yake kwa sentensi moja: "Papa, dawa ya siku hizi haiko na nguvu." Jirani yake anasema dawa ni bandia. Ukihudhuria mkutano wowote mjini Goma unaozungumzia mifugo na afya, utasikia neno la tatu, usugu wa dawa, likitamkwa kana kwamba ndilo linalofunga mjadala. Bakteria sugu wapo, na nitawarudia. Hata hivyo, naona neno hili limekuwa gunia ambamo tunatupia kila sindano isiyoleta matokeo, na kwa kufanya hivyo tunakwepa swali lililopaswa kutangulia: ndani ya kiwele kile mlikuwa na bakteria gani?

Ugonjwa wa kiwele, ambao madaktari wetu wa mifugo waliosoma kwa Kifaransa huuita mamiti, ni jina la uvimbe tu. Ni sawa na kusema "homa". Mnamo mwaka 1887 Wafaransa wawili, Nocard na Mollereau, waliandika kuhusu mamiti ya kuambukiza ya ng'ombe wa maziwa na kumhusisha na bakteria aliyejipanga kama shanga katika uzi. Bakteria huyo ndiye tunayemwita leo Streptococcus agalactiae. Tangu hapo orodha imekuwa ndefu mno, lakini kwa mfugaji wa Masisi inaweza kugawanywa kwa swali rahisi: bakteria huyu anaishi wapi wakati hajaingia kwenye chuchu?

Wako wanaoishi ndani ya kiwele chenyewe au kwenye ngozi ya chuchu, wakihama kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine wakati wa kukamua. Streptococcus agalactiae ni wa kundi hili, na Staphylococcus aureus pia. Wapo wengine ambao makao yao ni kinyesi, tope, nyasi za kulalia na maji machafu: Escherichia coli, Klebsiella, Streptococcus uberis. Hao hawahitaji mkono wa mkamuaji kuwasafirisha. Hungoja ng'ombe alale, mlango wa chuchu ukiwa bado umelegea baada ya kukamuliwa. Mgawanyo huu si mkamilifu, kwa maana S. uberis anaweza kuvuka upande wa pili na kuambukizwa kwa mikono, lakini unatosha kuonyesha kwamba zizi lenye stafilokoka na zizi lenye kolibakteria, yaani E. coli na jamaa zake, yana magonjwa mawili tofauti yanayoitwa kwa jina moja na kutibiwa kwa chupa moja.

Tuanze na stafilokoka, kwa sababu ndiye anayechangia zaidi sifa mbaya ya dawa. Katika zizi lile mzee alinipa niguse robo ya nyuma ya mmoja wa ng'ombe wale wawili, yaani moja ya sehemu nne za kiwele, ambayo kila moja ina chuchu yake. Ilikuwa ngumu na yenye mabonge, kama jiwe la volkano ya Nyiragongo lililofunikwa ngozi. Alisema ilivimba mwaka uliopita, akachoma sindano, ikatulia. Miezi mitatu baadaye ikavimba tena, akachoma, ikatulia. Na sasa hii ni mara ya nne. Mwenendo huo wa kutulia na kurudi ndio desturi ya Staphylococcus aureus. Akishaingia, hujenga vijipu vidogo katika nyama ya kiwele, mwili wa ng'ombe nao huvizungushia ukuta wa kovu, na damu, ambayo ndiyo gari linalobeba dawa, haipiti vizuri katika kovu. Isitoshe, anaweza kuishi ndani ya seli zenyewe, hata zile seli nyeupe zilizotumwa kummeza, na pia hujifunika kwa utando wa ute unaomkinga. Ukimtoa bakteria huyo na kumwotesha katika maabara, unaweza kukuta anakufa vizuri kabisa kwa penisilini ileile iliyoshindwa ndani ya ng'ombe.

Huyo basi si sugu kwa maana halisi ya neno. Amejificha. Tofauti hii inaweza kuonekana kuwa ya wasomi, lakini inabadilisha kila kitu kinachofuata. Bakteria akiwa sugu, kuna mantiki kubadili dawa; akiwa amejificha nyuma ya kovu la mwaka mzima, dawa mpya na ya bei ghali zaidi itagonga ukuta uleule. Uwezekano wa kupona hupungua kadiri ng'ombe anavyozeeka, kadiri robo zilizoathirika zinavyokuwa nyingi na kadiri ugonjwa unavyokaa muda mrefu. Ng'ombe mzee mwenye robo ya jiwe na historia ya sindano nne ni wa kukamuliwa mwisho kila siku, robo ile ikaushwe, au auzwe kwa mchinjaji baada ya muda wa kungoja ulioandikwa kwenye chupa kwisha. Najua uzito wa kumwambia hivyo mtu ambaye ng'ombe kwake ni akiba, mahari na heshima kwa pamoja. Nimemwambia mzee yule, naye hakunijibu. Aliendelea kumpapasa ng'ombe wake shingoni.

Kolibakteria ana hadithi iliyo kinyume. Escherichia coli akiingia kwenye kiwele, mara nyingi siku chache baada ya ng'ombe kuzaa na hasa wakati wa mvua zizi likiwa tope, maziwa hubadilika ghafla kuwa kama maji yenye chembechembe, kiwele huwaka moto, na ng'ombe anaweza kukataa kula. Sumu inayomwangusha iko katika ukuta wa bakteria mwenyewe, hivyo hata bakteria akifa sumu haiondoki. Mashambulizi mengi ya namna hii, yakiwa mepesi au ya wastani, humalizwa na mwili wa ng'ombe wenyewe: seli nyeupe humiminika kwa mamilioni na ndani ya siku chache bakteria hawapo tena. Mfugaji aliyechoma sindano siku ya kwanza huona ng'ombe amepona siku ya nne na kuitukuza sindano. Kwa ng'ombe huyu kinachosaidia zaidi ni kukamuliwa mara kwa mara, kunyweshwa maji mengi, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, na kwa yule aliyelala chini asiyeweza kusimama, daktari na dripu haraka, pamoja na antibayotiki, kwa sababu katika hali hiyo kali bakteria wanaweza kufika kwenye damu.

Kwa hiyo chupa ileile husifiwa kwa kazi ambayo haikuifanya na kulaumiwa kwa kazi ambayo hakuna dawa ingeiweza. Mfugaji anayejifunza kwa macho yake tu, hata awe makini namna gani, atajifunza makosa, kwa kuwa macho yanaona uvimbe na hayaoni bakteria.

Kuna mwingine ninayemtaja kwa kupita, Mycoplasma, ambaye hana ukuta wa seli. Penisilini huua kwa kuharibu ujenzi wa ukuta huo. Kwa asiye na ukuta haina pa kuanzia. Ni usugu wa kuzaliwa nao, na hakuna mfugaji wala mfamasia wa kulaumiwa.

Sasa tuitazame chupa yenyewe. Katika maduka ya dawa za mifugo ya miji yetu ya mashariki chupa mbili ndizo zinazotembea zaidi: mchanganyiko wa penisilini na streptomisini, na oksitetrasaiklini. Zote mbili ni dawa zenye heshima yake, na zote mbili, zikichomwa kwenye msuli kwa ajili ya kiwele, zina udhaifu ambao muuzaji haelezi. Streptomisini hupenya kwa shida kutoka kwenye damu kuingia kwenye maziwa, nayo huhitaji oksijeni ili iingie ndani ya bakteria, ilhali kiwele chenye usaha ni mahali pasipo na oksijeni ya kutosha. Oksitetrasaiklini hushikamana na kalisi na protini za maziwa, na sehemu iliyoshikwa haiui kitu. Penisilini ya sindano nayo hubaki zaidi upande wa damu kuliko upande wa maziwa, na ndiyo maana kwa uvimbe wa kiwele zilitengenezwa tyubu za kuingizwa moja kwa moja kupitia tundu la chuchu. Tyubu hizo ni ghali zaidi kuliko sindano kwa kila ng'ombe, na mfugaji anayepiga hesabu huchagua chupa ambayo itabaki na akiba ya kesho. Kesho hiyo nayo huja na dozi iliyokadiriwa kwa jicho, ndogo kuliko inayotakiwa kwa uzito wa ng'ombe, ikachomwa mara mbili badala ya siku zilizoandikwa, kwa sababu uvimbe umeonekana kupungua.

Hapo ndipo usugu wa kweli unapoingia. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Nobel mwezi Desemba 1945 kwamba ni rahisi kuwafanya bakteria wawe sugu kwa kuwapa kiasi kisichotosha kuwaua. Miaka 5 kabla ya hotuba hiyo, Abraham na Chain walikuwa wamekwisha kueleza kimeng'enya cha bakteria kinachoivunja penisilini. Stafilokoka wengi wa viwele duniani wanacho kimeng'enya hicho leo, na kwa hao penisilini ya kawaida ni maji. Mwaka 1972, nchini Ubelgiji, ilitolewa taarifa ya ng'ombe wenye uvimbe wa kiwele uliosababishwa na stafilokoka asiyesikia hata methisilini, dawa iliyobuniwa mahususi kukwepa kimeng'enya kile. Na mwaka 2011 watafiti wa Uingereza walieleza jeni mpya ya usugu huo, iliyopewa jina mecC, waliyoikuta katika maziwa ya ng'ombe na baadaye kwa binadamu pia.

Jeni hizi hazirithiwi kutoka mama kwenda mtoto tu. Kolibakteria huzibeba katika vipande vya DNA vinavyoweza kurukia bakteria wa ukoo mwingine, kama jirani anavyomgawia jirani kaa la moto. Hapa ndipo ninapoogopa tabia moja ambayo kila mtu anaiona kuwa busara: maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano, yasiyofaa kuuzwa, hupewa ndama ili yasipotee. Tumbo la ndama lina bakteria wasiohesabika, na tunalinywesha kila asubuhi kiasi kidogo cha dawa, yaani jambo lilelile Fleming alilolionya. Baada ya wiki kinyesi cha ndama huyo kinabeba kolibakteria waliochujwa, na kinyesi hicho ndicho kitanda wanacholalia mama zake. Tetrasaiklini ya ng'ombe, kwa upande mwingine, ni ndugu wa zile za vidonge vinavyouzwa mitaani kwa kila anayelalamika tumbo, na penisilini ya zizini ni ya ukoo mmoja na amoksisilini ya mtoto wa Katindo, mtaa wa Goma. Kadirio la kimataifa lililochapishwa mwaka 2022 liliweka vifo vya watu vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu mwaka 2019 kuwa milioni 1.27, na kiwango kikubwa zaidi kwa idadi ya watu kilikuwa Afrika kusini mwa Sahara. Si vifo vyote hivyo vinatoka zizini. Sehemu kubwa inatokana na matumizi ya dawa kwa binadamu wenyewe. Mfugaji asibebeshwe mzigo wa hospitali.

Nchi nyingine zimechukua njia ya sheria. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya mazoea ya antibayotiki kwa mifugo kuanzia Januari 2022, na Marekani tangu Juni 2023 inataka cheti cha daktari wa mifugo kwa kila antibayotiki yenye umuhimu kwa tiba ya binadamu. Wapo wenzetu wanaotaka tuige mara moja. Mimi sikubaliani nao, angalau katika mpangilio wa hatua. Sheria ya cheti ina maana mahali ambapo daktari yupo karibu na nyuma ya daktari ipo maabara. Kule mlimani, ambako daktari akifika ni kwa pikipiki ya kukodi na kwa idhini ya wenye silaha waliopo siku hiyo, cheti kitakuwa karatasi ya kununuliwa pamoja na chupa, na daktari mwenyewe, asiye na namna ya kumjua bakteria, ataandika oksitetrasaiklini ileile. Tutakuwa tumebadili mwandiko tu.

Ninachodai kitangulie ni maabara ndogo ya maziwa, na siitaji kama ndoto. Kinachohitajika ni kabati linaloshika nyuzi joto 37, sahani za agari yenye damu (ute mgumu wa kuoteshea bakteria), mikono misafi, na mtu aliyefundishwa. Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kile cha Graben kule Butembo vimetoa vijana wanaojua kazi hii na ambao wengi wao leo wanauza dawa dukani. Maziwa ya chuchu yenye ugonjwa, yaliyokamuliwa baada ya kuifuta ncha kwa spiriti, hupakwa kwenye sahani jioni, na kesho yake jioni jibu la kwanza lipo. Weka tone la maji ya oksijeni (haidrojeni peroksidi) juu ya bakteria walioota: yakitulia ni streptokoka, yakitoa povu ni stafilokoka au jamaa wa kolibakteria. Koroga bakteria kidogo katika tone la potasi (haidroksidi ya potasiamu) ya asilimia 3: uzi wa ute ukifuata kijiti kinapoinuliwa, uko na jamaa wa kolibakteria. Duara za karatasi zenye dawa zikiwekwa kwenye sahani nyingine zitaonyesha, kwa eneo tupu linalozizunguka, ni dawa gani bado inaua. Mbinu hiyo ilisanifiwa mwaka 1966 na haihitaji mashine yoyote. Majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 2011 yalionyesha kwamba kungoja jibu la saa 24 na kuwatibu kwa dawa ya chuchu wale tu wanaostahili kulipunguza dawa hizo kwa takriban nusu, bila ng'ombe kudhurika zaidi ya wale waliotibiwa wote papo hapo.

Nimeambiwa kwamba katika mji uliozoea mabomu na lava, kuzungumzia agari ya damu ni anasa. Goma hii hii, ilipofikiwa na Ebola Julai 2019, ilielewa kwamba huwezi kupambana na homa usiyoijua jina, na leo ina maabara ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, inayosoma hata jeni za virusi. Mji ule ule uliweka ndoo ya maji ya klorini mlangoni mwa kila duka na kila kanisa, tukanawa mikono hadi ngozi ikapauka. Kilichonishangaza katika zizi la mlimani ni kwamba kijana mkamuaji, ambaye bila shaka alinawa mara kumi kwa siku kila alipoteremka mjini wakati ule, alipita kwa ng'ombe tisa bila kugusa maji. Alikuwa na kopo la samli. Kwa kila ng'ombe alichovya vidole viwili, akapaka chuchu nne ili zisikauke, akakamua, akasogea kwa wa pili na kuchovya tena katika kopo lilelile. Ng'ombe mwenye robo ya jiwe alikuwa wa tatu kwa mpangilio. Hakuna dawa duniani itakayoshinda kopo lile, na mpango uliobuniwa Uingereza katika miaka ya 1960, wa kuchovya chuchu katika dawa ya iodini baada ya kukamua, kutibu ng'ombe wanapoacha kukamuliwa na kuwaondoa wasiopona, uliwapunguza bakteria wa kuambukiza kwa mikono kwa kiasi kikubwa sana. Haukuwapunguza wa kinyesi vivyo hivyo, na mtu asitegemee iodini imfanyie kazi ya koleo.

Jambo moja la wazee wetu linastahili kutetewa hapa, kwa kuwa wataalamu wengine hulidharau: kumwachia ndama anyonye baada ya kukamua. Ndama huukomba mfereji wa chuchu kuliko mkono wowote, na ng'ombe wanaonyonyeshwa kwa utaratibu huo wameonekana kupata ugonjwa wa kiwele kwa kiasi kidogo. Isiwe tu kwa ng'ombe aliyechomwa sindano, kwa sababu niliyokwisha kuieleza.

Nilimwonyesha yule kijana kipimo cha sabuni ya unga. Unakoroga kijiko kidogo katika maji, unachanganya na maziwa ya kila chuchu kwa vipimo sawa katika kisahani, unazungusha. Sabuni hupasua seli nyeupe na kuachia DNA yake, na mahali zilipo nyingi mchanganyiko huwa mzito kama ute wa yai. Ni mbinu ya ukoo mmoja na kipimo kilichobuniwa California mwaka 1957, ila kwa bei ya sabuni ya kufulia. Kati ya ng'ombe saba walioitwa wazima, watatu walitoa ute. Mzee aliinama akatazama kisahani kwa muda mrefu, kisha akauliza kama hao watatu nao wachomwe sindano leo. Nikamjibu hapana, wakamuliwe mwisho, kila mmoja na kitambaa chake, na samli ipakwe kwa kijiti kisafi au isipakwe kabisa. Aliniangalia kama mtu aliyemlipa mganga akapewa ushauri badala ya dawa.

Mama wa fromaji alichukua hatua kabla ya wote. Huchota kikombe kimoja kutoka kila bidoni inapofika, hukichemsha, hukiacha kipoe hadi kidole kivumilie, hutia kijiko cha maziwa ya jana yaliyoganda vizuri, na kuvipanga vikombe kwenye kona ya jiko palipo na joto, kila kimoja na alama ya mkaa ya bidoni yake. Maziwa yenyewe hayaingii katika sufuria kubwa mpaka vikombe vijibu, na hilo linamgharimu nusu siku ambayo wateja wa Goma hawamlipii. Nilipompitia mara ya mwisho vikombe sita vilikuwa pale. Vitano alivipindua kidogo na maziwa yakabaki mahali pake. Cha nne kutoka kushoto kiliyumba kama maji. Hakumpigia simu kijana wa pikipiki. Alimpigia mzee, akamuuliza kwa sauti ya chini ni ng'ombe yupi, na alichomwa lini.